Je, bakteria "huizoea" dawa na "kurithi" plasmidi?

Swali: Ninaandaa somo la baiolojia na nimeandika hivi: "Bakteria huizoea dawa baada ya kurithi plasmidi kutoka kwa bakteria mwingine." Mhariri amekata "huizoea" na "kurithi", kisha akatia alama ya kuuliza kwenye kichwa cha somo, "Usugu wa dawa". Kosa liko wapi?

Jibu: Mhariri yuko sahihi katika yote matatu, na sababu zake zimo ndani ya seli yenyewe.

Anayezoea jambo hubadilika kidogo kidogo, kwa kulirudia. Neno "sugu" nalo linatuvuta huko huko: sugu ya kiganjani ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa na mpini siku nenda siku rudi. Taswira ni nzuri, ila kwenye plasmidi inapotosha. Plasmidi ni kipande kidogo cha DNA, aghalabu chenye umbo la duara, kinachokaa nje ya kromosomu na kujinakili chenyewe. Bakteria aliyeipokea anaweza kuwa sugu ndani ya saa moja, hata kama hajawahi kukutana na dawa hiyo. Hajazoea chochote, amepata jeni asiyokuwa nayo. Jeni moja humwezesha kutengeneza beta-laktamasi, kimeng'enya kinachovunja pete ya atomi iliyo kiini cha nguvu ya penisilini. Nyingine humpa pampu inayoitema dawa nyingine, tetrasaiklini, nje ya seli. Kwa hiyo andika "huwa sugu" au "hupata usugu".

"Kurithi" kuna mahali pake. Seli mama ikigawanyika, seli mbili changa hurithi plasmidi, na hapo neno limekaa sawasawa. Plasmidi yenye nakala moja au mbili tu katika seli huhitaji utaratibu maalumu wa kugawanywa, la sivyo mmoja wa hao wawili hukosa urithi. Lakini jirani harithiwi. Kinachotokea kati ya majirani ni hiki: bakteria mtoaji humvuta mwenzake kwa kijiuzi cha protini, uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za plasmidi hukatwa na kupita upande wa pili, kisha kila mmoja hujaza uzi uliopungua. Mwishoni wote wawili wana plasmidi kamili. Ndiyo maana hata "humhamishia" silipendi sana, kwa sababu anayehamisha kitu huacha pengo nyuma. Sema "humpa nakala" au "hupokea nakala". Kiswahili kina kitenzi kingine kinacholibeba jambo hili barabara: kuambukiza. Anayekuambukiza mafua hayamtoki yeye. "Bakteria huambukizana usugu" ni sentensi sahihi na yenye nguvu, mradi msomaji ameshaelezwa kwamba kinachoambukizwa hapa si ugonjwa.

Sasa kichwa cha somo. Kihusishi "wa" humtaja mwenye kitu: ukali wa kisu, ugumu wa jiwe. "Usugu wa dawa" basi, kisarufi, unaifanya dawa ndiyo iliyo sugu. Watu wengi wanausema hivyo na wanaelewana, lakini kwa mwanafunzi anayeanza, andika "usugu wa bakteria dhidi ya dawa". Vivyo hivyo epuka "mgonjwa amekuwa sugu": mwili wake haujawa sugu, vimelea waliomo ndiyo. Na "ugonjwa sugu" ni jambo jingine kabisa, ni ule unaodumu muda mrefu, kama kisukari.

Kuhusu upatanisho: plasmidi hii, plasmidi hizi, jeni hii, jeni hizi, lakini bakteria huyu, bakteria hawa, kwa kuwa ni kiumbe hai. Tena plasmidi hubeba jeni, na jeni ndizo zinazozaa sifa. Usugu ni sifa mojawapo tu. Bakteria wa kimeta, kwa mfano, ana plasmidi mbili: moja ina jeni za sumu, nyingine jeni za gamba linalomkinga dhidi ya seli za ulinzi za mwili.

Sentensi yako iwe: "Bakteria huwa sugu dhidi ya dawa baada ya kupokea nakala ya plasmidi yenye jeni za usugu."

Neno la mwisho la kuchunga ni "sugu" lenyewe katika maelezo ya jaribio. Ukiotesha mchanganyiko wa bakteria wenye plasmidi ya beta-laktamasi na wasio nayo kwenye sahani yenye ampisilini (dawa ya jamii ya penisilini), kwa kawaida mikrogramu 100 kwa mililita, utapata koloni kubwa, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho. Ukiiacha sahani muda mrefu kupita kiasi, koloni ndogondogo huota kuizunguka ile kubwa. Usiandike kwamba nazo ni sugu. Beta-laktamasi imevuja kutoka koloni kubwa na kuivunja dawa iliyokuwa karibu, na bakteria wasio na plasmidi wakapata pa kuota. Wapande kwenye sahani mpya yenye dawa, hawaoti. Hao "wamenusurika".