Anzeni na wanaoujua msitu

Ndugu yangu, umeuliza mtaanzaje kikundi cha kutunza elimu ya mimea na wanyama hapo Gede, pwani ya Kenya, maana hamna fedha wala mtaalamu. Mtaalamu mnaye. Mtafuteni mzee anayechimba dawa, kijana mwenye daftari amfuate hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, aandike jina la mti kwa Kigiriama, ulipo na mwezi unaotoa maua. Mzee atakwaruza gome kwa ukucha, anuse, aseme huu mrihi, ule mbambakofi. Mlipeni siku yake kama mnavyomlipa fundi. Hilo nalisisitiza, kwani mara nyingi maarifa ya wazee huchukuliwa bure. Na asipotaka dawa fulani iandikwe, iacheni.

Halafu wapo wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 papo hapo Gede. Mama anayelisha viwavi anajua kila aina inakula jani gani. Muombeni pupa wawili watatu, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, muwaweke kwenye kasha la chandarua, watoto wamwone kipepeo akitoka na mabawa yamekunjamana, kisha yakinyooka taratibu.

Waongozaji watalii wa msituni nao wanajua bundi mdogo wa Sokoke hulala wapi mchana. Mmoja akija Jumamosi moja kwa mwezi inatosha. Kwenye hori la bahari la Mida mna mikoko na ndege wahamao, karibu tu.

Mmea ukiwashinda kuutambua, Makumbusho ya Taifa Nairobi wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Lakini msikate hata kijitawi msituni kabla ya kupata kibali.