Shati jeupe likishalowa: kwa mnaoanza kushuti muvi za ngumi Dodoma

Vijana wa Chang'ombe na Nkuhungu, kazi zenu tunaziangalia, na kila mara tunashika kichwa. Dakika ya kwanza damu lita nzima, kamera inarukaruka kama imepanda bajaji, teke halijulikani limetoka wapi wala limetua wapi. Kwenye Riki-Oh, muvi ya Hong Kong ya mwaka 1991, ngumi ya steringi Fan Siu-wong inapenya tumbo la mtu, na tumbo ni bandia waziwazi. Kibanda umiza kizima bado kinapiga kelele, kwa sababu pigo limeonekana lote.

1. Kamera ikae kwenye stendi, wapiganaji waonekane kuanzia kichwani hadi miguuni. Iwe nyuma ya bega la mpigaji, ngumi ipite sentimita 20 hadi 30 mbele ya uso wa mwenzake. Kutoka hapo pengo halionekani. Anayepigwa ageuze kichwa kufuata ngumi inakoelekea. Akichelewa, rudieni. Mapigo manne au matano ndani ya picha moja, ndipo ukate.

2. Kasi: Hong Kong walikuwa wakishuti fremu (picha moja moja) 22 au 20 kwa sekunde, kisha wanaonyesha 24, mapigo yakaonekana ya haraka zaidi. Kwenye simu ongeza kasi asilimia 8 hadi 10 unapoediti. Ukizidisha sana, steringi anatembea kama kuku.

3. Damu. Hapa ndipo tulipoumia wengi tuliotangulia, na inauma zaidi kuwaona nanyi mkielekea shimo lilelile. Mwongozaji Chang Cheh wa studio ya Shaw Brothers, Hong Kong, aliwavika mashujaa wake nguo nyeupe ili damu isomeke. Tukaiga weupe, tukasahau kwamba studio ile ilikuwa na stoo ya nguo. Kikundi kinanunua shati moja la mtumba Sabasaba, kisha kinaanza na pigo la panga, maana ndilo kila mtu analolisubiri. Kifuko cha damu ya sukari na rangi ya chakula kinapasuka vizuri, lakini kamera imekosa. Shati linafuliwa. Rangi ya chakula haitoki yote kwenye pamba. Inabaki waridi na kutambaa mpaka kwenye kola. Linaanikwa, na sukari iliyobaki inalikakamaza. Likivaliwa tena, jua limeshahama na vivuli vimegeuka. Wakati wa kuediti, steringi ana shati safi, mara la waridi, mara safi, mara lina damu kabla adui hajanyanyua panga. Hakuna programu ya simu itakayoficha hilo. Nauli, chakula na jasho la watu kumi vimeondoka na shati moja.

Kwa hiyo mashati matatu yanayofanana. Picha zote za shati safi zitangulie, hata zile za katikati ya pambano. Za damu zifunge siku. Kila baada ya pigo, piga doa picha ujue lilipofikia.

Damu yenyewe: sukari nusu kilo, maji robo lita, ichemke hadi ivutike kidogo, ipoe. Tia rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai na kakao kijiko kimoja. Bila kakao ni juisi. Hewa yetu kavu huigandisha upesi na vumbi la Julai hugeuza doa kuwa tope, basi ongeza maji kidogo kila inapokaza. Nzi na nyuki watakuja. Acheni ndoo ikiwa na kifuniko. Damu ya machinjioni msiiguse, inaoza na inaweza kubeba ugonjwa wa brusela.

Kifuko ni kondomu yenye vijiko vitatu vya damu hiyo, kama walivyofanya wenzetu wanaoshuti muvi Wakaliga, Uganda. Weka kipande cha boksi kati yake na ngozi, bandika kwa plasta, chana shati kidogo kwa wembe kabla ya kulivaa ili damu ipate njia.

4. Sauti wekeni baadaye. Hong Kong nao kwa miaka mingi walishuti bila sauti. Ngumi ni khanga iliyolowa ikichapwa ukutani. Mfupa ni bua la mtama lililokauka, vunja karibu na maiki.

5. Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie. Na kabla ya kutoa panga la mbao barabarani, mwambieni mwenyekiti wa mtaa na polisi: kwa mtu anayepita na bodaboda, damu ile ni ya kweli.