Breki ya mbele kwanza, hiyo 400 haiendi popote

Acha hiyo piki ya 400, yaani ya injini ya cc 400, ikae hapo ilipo. Nimesoma swali lako nikafika pale ulipoandika "fundi wangu kanambia breki ya mbele nisiiguse, nitumie ya mguu tu, na kozi ni kupoteza pesa maana barabara yenyewe itanifunza", moyo ukanipiga paa. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2015, na aliyekuja kuyalipa ni shemeji yangu.

Kwa ambao hawakuliona swali: huyu ndugu anakaa Shanzu, Mombasa, ana miezi minane kwenye piki ya 125, anataka kununua 400 awe anapanda nayo Nairobi wikendi. Anauliza kama kozi ya juu ya uendeshaji ina maana kwa mtu ambaye leseni anayo tayari, piki gani inafaa, avae nini kwenye joto letu hili, na bima achukue ya aina gani. Mimi naanza na hilo la kozi.

Mimi nilifunzwa siku tatu. Mwalimu wa shule ya udereva alipanga koni sita uwanjani, nikazizunguka kwa gia ya kwanza na ya pili, nikafunzwa alama za barabarani, basi. Siku ya pili nilishika breki ya mbele kwa ghafla, piki ikainamisha pua, akanipigia kelele mbele ya wenzangu: "Hiyo itakurusha juu ya usukani! Tumia mguu!" Sikuigusa tena. Nikapata leseni, nikaendesha miaka miwili mkono wangu wa kulia, wenye liva ya breki ya mbele, ukiwa kazi yake ni kutia moto tu, yaani kuongeza mwendo. Na kwa kuwa sikuanguka, nilijiona dereva kamili. Huo ndio ubaya wa kuifanya barabara mwalimu. Itakuacha ukosee kila siku na haitasema neno, kisha itasema siku moja.

Siku yangu ilikuwa Mei 2017, masika. Nilikuwa natoka Mtwapa kuja mjini, nimempakia shemeji, ndugu wa mke wangu, kumpeleka kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Siku tatu nne kulikuwa kukavu, na asubuhi ile yakaanza manyunyu tu, yale ambayo mtu wala havai koti. Kumbe hayo ndiyo mabaya, kwa sababu mafuta na vumbi la siku zote hizo yanaelea juu ya lami na hakuna maji ya kutosha ya kuyaosha. Tulikuwa tumeshapita Bamburi, tunaikaribia Bombolulu, mwendo kama kilomita 60 kwa saa. Matatu imesimama inashusha watu. Tuktuk ikachomoza mbele ya pua yake, ikakata barabara kugeuza.

Nafasi ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Mwaka uliofuata nilirudi pale kwa miguu nikahesabu hatua kutoka kwenye mwembe niliokuwa naupita mpaka pale ilipotokea tuktuk, na nafasi ilitosha kabisa mtu kusimama.

Nilichofanya ni kukanyaga kwa mguu, kwa nguvu zangu zote. Tairi ya nyuma ikafunga. Nikaisikia inakwaruza, halafu nyuma ikaanza kwenda kushoto kama mtu anayefungua mlango. Mkono wa kulia ungali umekumbatia moto, vidole vyote vinne, breki ya mbele iko sentimita chache tu mbele yake na haukuinyooshea hata kidole kimoja. Piki ilipokuwa imeshalala upande nikaingiwa na woga, nikainua mguu. Hapo tairi ikashika lami tena kwa ghafla, piki ikainuka wima kwa kishindo na kutupa watu wote wawili upande wa pili. Sikuwa najua kuwa nyuma ikishafunga na kwenda upande, kuiachilia ghafla ni kubaya kuliko kuiacha ifunge mpaka mwisho. Nani angenambia? Mwenye koni sita?

Mimi nilivunjika mtulinga. Shemeji kifundo cha mguu kilisagika, wakamtia sahani ya chuma na skrubu. Tuktuk ilikwenda zake. Nilikopa kwa chama cha akiba cha mke wangu, nikakopa kazini, deni lile lilikuja kwisha miaka mitatu baadaye. Na pesa si kitu. Kazi ya kuchomelea inataka mtu achutame, na yeye hawezi tena kuchutama. Siku hizi anauza viazi karai jioni. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, lakini akishuka ngazi nyumbani kwetu hushuka ubavu ubavu, mkono ukutani, na mimi huwa natazama pembeni.

Nilipokwenda kuitazama piki pale ilipohifadhiwa, nilichungulia diski ya mbele. Pedi zilikuwa nene kama zimetoka kwenye pakiti. Miaka miwili ya kuendesha kila siku, na kila nikifanya sevisi fundi alikuwa ananisifu kwamba breki zangu "sizimalizi". Nilikuwa nachukulia ni sifa.

Kwa hiyo huyo fundi wako namjua ingawa sijamwona. Ni mtu mwema, anajua injini kuliko sisi wote, na kwenye jambo hili anakupoteza. Tena ana kisingizio. Piki nyingi za bodaboda hapa zina breki za ngoma mbele na nyuma, si za diski, waya wa breki ya mbele umelegea au umefunguliwa kabisa, mwenyewe amezoea mguu na hajawahi kujua kinachokosekana. Lakini yule mwalimu wangu alikuwa analipwa kwa kufunza. Sitamtaja yeye wala shule yake. Nasema tu kwamba mtu anayechukua ada ya mtoto wa watu na kumtoa na woga wa breki iliyo bora kuliko zote kwenye piki, anampeleka kaburini kwa risiti. Kama breki ya mbele ni ya kurusha watu, mbona watengenezaji ndiyo huiwekea diski kubwa, na piki nzito huwekewa mbili?

Sikiliza inavyofanya kazi. Ukipunguza mwendo, uzito mwingi unakimbilia mbele, kama abiria wa matatu dereva anapokanyaga. Tairi ya mbele inakandamizwa chini inashika zaidi, ya nyuma inakuwa nyepesi inashika kidogo. Ndiyo maana ukisimama kwa nguvu kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya kazi, asilimia 70 na zaidi, inafanywa na mbele. Kinachomrusha mtu ni kuinyakua ghafla kabla uzito haujafika mbele. Ikamue. Umewaona mama zetu wanavyokamua tui kwenye kifumbu? Wanaanza taratibu mpaka wasikie linakaza, halafu ndiyo wanaongeza nguvu. Liva ya mbele ni hivyo hivyo: unaikamua, pua inashuka, springi zinakaa, halafu unaongeza. Yote hayo ni chini ya sekunde moja mkono ukishazoea. Mguu nao unagusa, kidogo, wa kusaidia. Na ukihisi mbele imefunga, achilia papo hapo kisha ikamue upya.

Haya sikuyasoma mahali. Baada ya mfupa kuunga nilikwenda kozi ya siku mbili, ndiyo hiyo unayoiuliza, kwa mzee mmoja mstaafu anayefunza wachache wachache kwenye uwanja wa lami nyuma ya magodauni. Asubuhi nzima ya kwanza alikataa tufanye kitu kingine isipokuwa kusimama. Alichora mstari wa chokaa. Tunafika pale na 50, breki ya mguu peke yake: nilihesabu hatua 29 mpaka piki iliposimama. Tukarudia na zote mbili, tukarudia, tukarudia. Kufikia adhuhuri nilikuwa nasimama kwa hatua 15. Dereva ni yule yule, piki ile ile, lami ile ile. Nilikaa chini pale kwenye mstari nikalia, sioni haya kusema, maana nilijua hizo hatua 14 zilizopungua ni mguu wa nani.

Na wewe unataka kwenda na 400. Kwa 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa 100 karibu 28, na hapo bado hujagusa chochote, akili ndiyo kwanza inaona. Halafu mwendo ukizidi mara mbili, urefu wa kusimama unazidi mara nne. Ukiingia barabara ya Nairobi pale Mariakani unapishana na malori na mguu peke yake, hakuna nguvu ya injini itakayokufaa.

Mengine ya kozi yana maana pia. Kusukuma mbele mkono wa usukani ulio upande unaotaka kwenda badala ya kuinamisha mwili tu, kuangalia unakotaka kupita na si shimo unaloliogopa, kuzunguka kwa umbo la namba nane kwa klachi nusu huku mguu ukigusa breki. Hilo la mwisho utalihitaji kila siku kwenye foleni za Kongowea. Yote nilifunzwa mchana mmoja. Lakini breki ndiyo ya kulipia.

Hata kabla ya kozi unaweza kuanza. Hiyo 125 yako ina diski mbele, umeandika mwenyewe. Jumapili alfajiri tafuta uwanja mtupu wa lami kavu, ufagie mchanga kwanza, maana huku pwani mchanga haukosekani na breki ya mbele haiupendi. Vaa viatu vya kufunika kifundo na glavu. Piki iwe imesimama wima, usukani umenyooka, usifanye kwenye kona. Anza na 20, mara kumi. Halafu 30. Halafu 40. Ukitaka mtu wa kukuhesabia hatua niandikie, nitakuja, na shemeji amesema naye atakuja na kiti chake.

Fanya hivyo miezi mitatu, kisha nitumie picha ya pedi zako za mbele. Nikiona zimelika tutazungumza habari ya 400.