Mume hayupo sikukuu, ila kwa mama yake hakosi (Agosti 2025)

Shangazi shikamoo. Naishi Nyakato hapa Mwanza, nina watoto wawili, wa miaka mitano na miwili, na miaka sita kwenye ndoa. Mume wangu anavua dagaa, ana mtumbwi wake na vijana wanne. Shangazi, mwaka mzima hatutoki. Wenzangu sikukuu wanakwenda ufukweni, wanakwenda kisiwa cha Saanane, wanapiga picha na waume zao. Mimi nakaa na watoto kama mjane. Idd el-Fitri ya mwaka huu hakuwepo, ya mwaka jana hakuwepo. Idd el-Hajj alikuwepo, lakini alitubeba hadi kwa mama yake Ukerewe, siku nne, hakuna cha kufanya kule, na siku ya kuondoka watoto wakanitia aibu kwa kulia. Nane Nane alitupeleka Nyamhongolo, akamaliza saa nzima kwenye banda la injini za boti. Mwishoni mwa mwezi uliopita mtoto alitimiza miaka mitano, nikamfanyia bethdei kwenye hoteli ya ufukweni kwa hela yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana na wenzangu kwa zamu. Baba yake akaja amechelewa, ana mabuti ya mvua, ananuka dagaa. Nikamwomba akae pembeni kidogo mpaka tumalize picha. Akaondoka hata keki hajala. Tangu siku hiyo amenuna bila sababu. Nahisi kuna mwanamke kule kambini. Nifanyeje?

Mpweke, Nyakato

Marahaba mwanangu. Pole. Kuamka Idd Mosi na watoto wawili peke yako, na kwa jirani kunanukia pilau na vicheko vya wanaume, si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo.

Umeanza kwa kuniambia mwaka mzima hamtoki. Mistari mitatu mbele mko Ukerewe siku nne. Mstari unaofuata mko Nyamhongolo. Mwaka gani huo wa kutotoka, wenye safari ya meli na maonyesho ya Nane Nane ndani yake? Ungesema hamtoki unakotaka wewe, siku unayotaka wewe, tungeelewana tangu mwanzo.

Nikuulize jambo ambalo mtoto wa Kirumba wa darasa la pili analijibu bila kufikiri: dagaa wanavuliwa lini? Wanavuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa wanaufuata ule mwanga, wanajikusanya, wavu unawazoa. Mwezi ukishakuwa mkubwa, ziwa zima linakuwa na taa moja kutoka juu, dagaa hawana shida tena na taa ya mumeo, wanatawanyika. Hapo ndipo mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na wanaume wanarudi makwao. Wenyewe wanasema giza na mbalamwezi. Giza ni kazi, mbalamwezi ni nyumbani. Miaka sita umelala kitanda kimoja na mtu wa giza na mbalamwezi, na barua yako nzima haina hata neno moja kati ya hayo mawili.

Sasa chukua sikukuu zako uzipange juu ya mwezi. Idd el-Fitri inaliwa lini? Mwezi ukiandama. Kile kimwezi chembamba kama ukucha mnachokitafuta juu ya paa, mkikiona mnapiga makofi, ndicho kinachosema giza bado lipo na kazi imepamba moto. Hakuwepo mwaka huu, hakuwepo mwaka jana, na mwakani pia usimtegemee, labda aache dagaa aanze kuendesha bodaboda. Idd el-Hajj ni siku ya kumi ya mwezi, mwezi umeshanenepa. Alikuwepo! Nane Nane ya mwaka huu mwezi ulijaa kesho yake, tarehe 9. Alikuwepo! Kila mbalamwezi mumeo yupo nyumbani, na kila mbalamwezi wewe unahesabu siku ambazo hakuwepo. Wakristo wa mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha, afadhali, Pasaka yao huja baada ya mwezi kujaa, ingawa Krismasi nao wanapiga bahati nasibu. Krismasi ya 2023 iliangukia mbalamwezi, ya 2024 ikaangukia giza. Wewe ni Muislamu, kalenda ya mwezi ni ya kwenu. Umekosaje kuiona?

Tuje kwenye bethdei. Hapo nilivua miwani nikaiweka mezani.

Mwishoni mwa Julai mwaka huu ilikuwa giza totoro. Mtu mwenye mtumbwi mmoja na vijana wanne wa kulisha ameacha kambi, amepoteza usiku wa kazi, amepanda boti mpaka mwaloni, hakupita hata nyumbani kuoga kwa kuhofia atachelewa zaidi, amekuja na mabuti yake kumwona mwanawe akikata keki. Wewe ukamwambia akae pembeni asiharibu picha. Kisha unaniandikia kwamba amenuna "bila sababu".

Hiyo keki ilitoka wapi, mwanangu? Hela yako ya mchezo, sawa. Barua nzima hujanitajia kazi wala genge wala hata ndoo ya karanga. Hela ya kupeleka kwenye mchezo kila wiki inatoka kwenye mfuko gani, kama si ule unaonuka dagaa? Harufu ile ndiyo iliyolipia maputo. Halafu mtoto wa miaka mitano Januari anaanza shule, na mimi si mtoto mdogo, najua wanawake wanacheza mchezo kwa ajili ya nini. Nitairudia hiyo hela mwishoni.

Mwanamke wa kambini. Siwezi kukuapia kwamba hayupo, makambi ya dagaa hayakujengwa na malaika, na wanawake wapo kule, wengine wanaanika dagaa, wengine wanapika, wengine Mungu anajua. Lakini mwanaume mwenye mtu kambini akipata kisingizio cha giza hukaa na giza lake. Haji mbio na mabuti kwenye hoteli ya ufukweni kusimama mbele ya wageni asiowajua. Huna ushahidi, una aibu. Umemwaibisha, unajua umemwaibisha, na ukimpata na kosa lake moyo wako utatulia. Nimewaona wanawake wengi wakifanya hesabu hiyo, na mimi mwenyewe niliwahi kuifanya.

Baba wa watoto wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi melini. Miaka ya mwanzo nilikuwa kama wewe, sikukuu ikifika nanuna, naoga, nawavisha watoto, tunakaa barazani tukimsubiri mtu ambaye yuko katikati ya maji. Mama mkwe wangu ndiye aliyenizindua. Alikuja siku moja akakuta nimewapikia watoto uji siku ya Idd kwa hasira. Hakunisema. Alichukua kuku akamfungia bandani, akasema huyu atachinjwa baba yao akifika. Alifika siku ya nne, tukachinja, watoto wakavaa upya, tukapita mtaani tumependeza siku ambayo wenzetu wote wamesharudi kazini. Watu walicheka. Wanangu mpaka leo ni watu wazima, ukiwauliza Idd wanakumbuka ya siku ya nne.

Ndiyo maana hapo uliposema "hakuna cha kufanya kule" Ukerewe nilikuchukia kidogo. Watoto walilia wakati wa kuondoka! Wewe umeandika kama aibu, mimi nimesoma kama cheti. Mtoto wa Nyakato anayecheza kwenye korido ya nyumba ya kupanga umempeleka kwenye miti ya michungwa, ana bibi anayemwita mume wangu, anakula sato aliyevuliwa alfajiri, anarudi magoti meusi, na unasema hakuna cha kufanya. Hakuna cha kupiga picha, sema hivyo. Mama mkwe wako hukumtajia kosa hata moja. Ungekuwa nalo ungeliandika, nakujua. Mama aliyezaa mwanaume anayekumbuka kwao kila Idd el-Hajj amekufanyia kazi kubwa, maana wanaosahau kwao huanza na mama, mke ni wa pili.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zina mgeni wa tatu asiyelala, simu. Zamani familia ilitoka kwenda kutembea, ikirudi inasimulia. Sasa picha inarudi kabla ya familia. Nilikaa ufukweni Idd iliyopita, namsindikiza mjukuu, nikaona baba, mama na watoto watatu sare kitambaa kimoja kama kwaya. Walipiga picha robo saa, cheka, geuka, mbebe mtoto, sogea kwenye maji. Simu iliposhushwa, baba akaenda meza yake, mama akainama kwenye simu kuchagua picha, na yule mdogo akabaki anakula mchanga. Kesho yake yuko mke fulani Nyakato anaitazama ile picha anamwambia mumewe wenzetu wanapendana. Hao wenzako unaowaandika hapa, umewahi kuwaona baada ya picha?

Tena maji yenyewe mnayagombania kama hamuishi nayo. Mtoto wa miaka miwili kuachwa achezee maji ya ziwa kando ya matete si matembezi. Kichocho kinakaa hapo hapo, na sehemu nyingine mamba.

Saanane ni pazuri, sikukatazi. Boti inatoka Capri Point, safari ni dakika chache tu, watoto wataona swala na tumbili, na pimbi wanaota jua juu ya mawe kama wastaafu. Mvalishe kila mtoto jaketi la kuokolea, na usikubali kuambiwa "ni hapa tu". Ila ujue unakwenda kwenye kisiwa cha nani. Mzee Saanane Chawandi aliishi pale kabla kisiwa hakijageuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013 kikiwa bado na jina lake. Alikuwa mvuvi. Unataka kupiga picha kwenye kisiwa cha mvuvi, na mvuvi wako umemweka pembeni.

Mumeo naye ana kosa. Kosa lake ni ukimya. Miaka sita hajakukalisha akakwambia, mke wangu, kazi yangu inakwenda hivi, mwezi ukifika hapa nipo, ukifika pale usinitafute. Anadhani unajua kwa sababu kwao kila mtu anajua, hata kuku. Wanaume wa ziwani wengi wako hivyo, mdomo wanauacha majini. Na saa nzima kwenye banda la injini na watoto wamechoka juani, hiyo nayo nitamsema nikikutana naye. Angewanunulia japo miwa.

Sasa sikiliza. Mwezi utajaa Jumapili, Septemba 7, 2025, na Maulidi ni wiki hiyo hiyo, kwa hiyo mumeo atakuwepo, amini usiamini. Usiku huo mwezi utapatwa. Si kidogo, utapatwa wote, kuanzia kama saa mbili unusu usiku utakuwa mwekundu kwa zaidi ya saa moja, na mawingu yakituhurumia Mwanza tutauona bila kulipa kiingilio. Mji huu Mungu ameujaza mawe, nawe huwezi kukosa jiwe la kukalia Nyakato nzima. Pika mapema. Beba chai kwenye chupa, viazi vya kuchemsha, mkeka na shuka la mdogo, maana atalala. Pandeni wote wanne. Kisha mwambie mumeo awaeleze watoto habari za mwezi, wewe unyamaze usikilize. Hakuna mtu katika mtaa wenu anayeujua mwezi kama yeye, amekuwa akiutazama kila usiku kwa ajili yenu. Utamsikia akiongea maneno ambayo hujayasikia tangu uchumba.

Kalenda yenye alama za mwezi iko madukani, inunue, uitundike jikoni, uzungushie mbalamwezi zote kwa kalamu. Sikukuu za watoto wako zipange humo. Idd el-Fitri mle pilau na majirani kama kawaida, lakini nguo mpya ya pili na kuku viwekwe mpaka baba arudi. Desemba shule zikifungwa, mbalamwezi ya kwanza ya mwezi huo nendeni tena Ukerewe, na safari hii uchume machungwa na mama mkwe wako badala ya kukaa kwenye kigoda unatafuta mtandao.

Kuhusu mabuti, usimwombe msamaha kwa meseji. Yatoe nje, yaoshe, yaanike juani, ayakute yamekauka.

Na ile hela ya mchezo, kama ndiyo ilikuwa ya ada ya Januari, mwambie kabla ya kupanda jiweni. Jumamosi jioni, akishakula. Asije akaisikia kwa mwalimu.

Shangazi