Otopailoti iliwashwa, mbona walianguka?

SWALI: Kapteni, shikamoo. Mume wangu ni fundi kwenye mtambo wa mafuta baharini, huenda zamu kwa helikopta. Nimesoma habari za ile helikopta ya aina ya Super Puma iliyoanguka visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, mwaka 2013, uwanja wa ndege ukiwa pale pale mbele. Marubani wawili, injini nzima, otopailoti, yaani mtambo wa kujiendesha, imewashwa. Waliangukaje?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, Mama wa Wawili. Ilikuwa Agosti 23, wakielekea uwanja wa Sumburgh, watu 18 ndani. Wanne walifariki.

Wingu lilikuwa chini, kwa hiyo walishuka kwa kufuata vipimo tu. Njia waliyotumia huruhusu kushuka hadi futi 300. Usipoiona njia ya kutua, unapanda tena. Sasa hapa ndipo penyewe. Otopailoti ilipewa kazi ya kulinda kiwango cha kushuka. Kasi ya mbele ilikuwa jukumu la rubani, kwa wenzo wa mkono wa kushoto. Nguvu ikiwa haitoshi, otopailoti haigombi na mtu: inainua pua kidogo kidogo ili kiwango kisibadilike, na kasi inaliwa. Nimewahi kuona mshale wa kasi ukiteleza. Hauna kishindo chochote. Ukitazama nje kutafuta taa sekunde chache tu, umeshakupotea. Wao kasi ilishuka chini ya noti 35 (kama kilomita 65 kwa saa), helikopta ikazama hewani, na kimo cha kuiokoa hakikuwepo. Wachunguzi wa Uingereza walisema wazi kwamba vipimo havikufuatiliwa ipasavyo.

Ilipiga maji, ikapinduka mara moja. Mumeo anaijua hali hiyo kutoka bwawa la mafunzo: maji yanaingia puani kabla hujajua juu ni wapi. Mkono mmoja unashika fremu ya dirisha, hauachii, ndipo mwingine unafungua mkanda. Mimi mara ya kwanza nilifungua mkanda kwanza, nikaelea kama kizibo hadi mpiga mbizi akanivuta mguu.

Kuna jambo la abiria pia. Kifaa chao cha kupumulia kilikuwa na hewa yake ndani, lakini maelezo ya kabla ya safari hayakulifafanua vya kutosha. Muulize mumeo chake kina hewa yake au kinategemea pumzi aliyovuta kabla ya kuzama. Akisita, amuulize mwalimu wake kabla ya zamu ijayo.