Kununua gari la umeme kwa mtengenezaji ukiwa Texas

Ndugu yangu wa Houston, umeuliza kwa nini mhudumu wa ukumbi wa maonyesho ya magari ya umeme hakukubali kukutajia bei. Hakukudharau; ukumbi ule ni wa mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo ni wa kuonyesha tu, si wa kuuza. Sheria ya Texas inamkataza mtengenezaji kumiliki duka la kuuzia magari yake, kazi hiyo ikiachiwa mawakala wenye leseni, ambao sheria za namna hii zilikusudiwa kuwakinga dhidi ya kampuni zenye uwezo wa kuwanyang'anya soko.

Agiza kwa intaneti. Kisheria mauzo huhesabiwa kuwa yamefanyika nje ya jimbo, hata kama ni Tesla iliyoundwa Austin, humo humo Texas, utaratibu ambao kwa maoni yangu unamsumbua mnunuzi bila kumlinda. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi ni nani atakayeshughulikia usajili na hati ya umiliki, na utenge fedha za kodi ya Texas ya asilimia 6.25, kwa kuwa kuagiza nje hakukuondolei kodi hiyo.

Ukihamia kwingine, uliza upya: New Mexico ilibana hata huduma za matengenezo, ndiyo maana mwaka 2021 Tesla ilifungua kituo katika ardhi ya wenyeji wa asili wa Nambé, ambako katazo la jimbo halifiki.