Midomo kupasuka kwa baridi ya Nyanda za Juu: niliyojaribu mwenyewe, kuanzia mafuta ya mgando hadi lipstiki za kukauka

Dada uliyehamishiwa Njombe kutoka Dar, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema una wiki ya tatu huko, mdomo wa chini umechanika katikati hadi unatoa damu ukicheka, na zile lipstiki za kukauka ulizokuwa ukipaka asubuhi mpaka jioni bila shida sasa zinakaa mabaka mabaka. Unauliza ununue lipbamu gani, na kama rangi uachane nazo kabisa. Usiachane nazo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hapo ulipo nimepita, na ningepata mtu wa kuniambia haya mapema ningeokoa hela na maumivu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kyela. Kyela ni joto, ziwa lipo pale, unakua hujui hata lipbamu ni kitu gani. Nilipangiwa Mbeya mjini na nikaripoti mwezi wa sita. Si mbali, ni basi la saa chache tu kupitia Tukuyu na Uyole, lakini unakuwa umepanda kutoka kama mita 500 hadi 1,700 hivi. Njombe uliko wewe ni juu zaidi, karibu mita 2,000. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hakuna, upepo ni mkavu, vumbi linatembea. Ngozi ya mdomo haina tezi za mafuta kama za shavuni, na tabaka lake la juu ni jembamba sana, kwa hiyo maji yanatoka upesi na hakuna cha kuyazuia. Ndani ya siku kumi midomo yangu ilikuwa imepauka kama imepakwa chokaa.

Siku niliyoshtuka nilikuwa nawasomea darasa la tatu imla. Nikafika kwenye neno "mbuzi". Ile kubana midomo na kuiachia ikachanika pale pale katikati, kama kitambaa kikuukuu. Mtoto wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, damu." Nikamalizia imla nimeshika leso mdomoni.

Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima mwenyeji wa Makete, akaniita pembeni saa ya chai. "Mwanangu, acha kulamba midomo. Kila ukilamba, baridi inakula." Nikabisha, nikasema silambi. Akaniambia nijihesabu kuanzia pale hadi kengele. Dada yangu, kipindi kimoja tu nililamba zaidi ya mara ishirini. Mate yanaukausha mdomo kuliko upepo wenyewe: yakikauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo, na ndani yake mna vimeng'enya vya kusagia chakula ambavyo vinaichokoza ngozi laini. Mtu akilamba muda mrefu utaona hata duara jeusi limezunguka mdomo, kwa watoto wa shule naliona kila mwaka kipupwe kikiingia. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jihesabu. Na yale magamba usiyabandue kwa meno.

Nilianza na mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya kopo dogo, nikaona hayafanyi kazi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa napaka juu ya mdomo mkavu, tayari kwa kutoka. Mafuta ya mgando hayaleti maji, yanafunika tu yaliyopo yasitoroke. Ukifunika ukavu, umefunga ukavu ndani. Sasa hivi nikishanawa uso nafuta mashavu, midomo naiacha na umande wake, napaka hapo hapo, tabaka jembamba. Usiku napaka zito zaidi. Hilo badiliko moja, kopo lile lile, ndilo lililoziba mpasuko wangu kwa kama wiki moja na nusu. Watu wanayadharau kwa sababu ni bei rahisi na kila nyumba inayo. Aliyeyatengeneza, Robert Chesebrough wa Marekani, alipata hatimiliki yake mwaka 1872, na mpaka leo kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi ni vigumu kupata kitu kinachoyapita.

Katikati hapo nilikuwa nimehangaika na vingine. Kuna zile lipbamu za baridi, zenye mentoli na kafuri, ukipaka mdomo unasisimka unaona kama zinaponya. Nilizipenda mno. Lakini nilijikuta napaka kila nusu saa, na magamba hayaishi. Nilipoacha, siku ya tano mdomo ukatulia. Ule msisimko ni ngozi inachokozwa, na ukiwa na kidonda ndiyo mbaya zaidi. Zile za harufu ya stroberi na vanila nazo zinakufanya ulambe bila kujua, ukiacha kwamba manukato yenyewe wengine yanawawasha. Glisirini tupu nayo ilinishinda: ni kitu cha kuvuta maji, na hewa ya Julai haina maji ya kuvutwa, basi inayavuta kutoka mdomoni mwako. Ukiipenda, ichanganye na maji kisha ifunike na mafuta ya mgando. Sukari na asali ya kusugulia magamba nilijaribu mara moja nikatoka damu. Kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kinatosha, tena bila kusugua.

Sasa nije kwenye nta ya nyuki, maana hii ndiyo natumia na ndiyo naipenda. Huku kwetu nta inapatikana ukimuuliza vizuri muuza asali. Ya kwangu ya kwanza ilikuja bonge la kahawia, na vipande vya mabawa ya nyuki ndani. Niliiyeyusha kwenye bakuli la bati lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, siyo motoni moja kwa moja, nikaichuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Nikachukua kijiko kimoja cha nta iliyoyeyuka, vijiko vitatu vya mafuta ya nazi, nikakoroga, nikamimina kwenye vikopo vidogo. Asubuhi yake ilikuwa ngumu kama mshumaa. Kidole kinateleza tu juu. Hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo mapishi ya watu wa pwani hayasemi: mafuta ya nazi yenyewe huku yanaganda. Yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Mbeya asubuhi ya Julai unavuta koti. Chupa yangu ya nazi kabatini ni nyeupe tii miezi mitatu mizima. Ile ile nikiibeba kwenda Kyela, kabla sijafika nyumbani imeshakuwa maji.

Kwa hiyo kwa matumizi ya Mbeya nikapunguza: nta kijiko kimoja kwa mafuta vijiko vitano, na mafuta yenyewe nikachanganya, viwili vya nazi na vitatu vya alizeti au parachichi, ambayo hayagandi ovyo. Hiyo inalainika ukiigusa tu. Mdogo wangu wa Kyela namtengenezea ya kijiko kimoja kwa vitatu, la sivyo inamyeyukia kwenye mkoba. Wewe wa Njombe anza na kimoja kwa vitano, ukiona ngumu ongeza mafuta kidogo uyeyushe tena. Asali usitie. Nilitia, nikaikuta yote imetulia chini ya kopo, kwa kuwa asali na mafuta haviungani. Na vikopo viwe vikavu kabisa, tone la maji likiingia inaharibika mapema.

Rangi sasa. Zile za kukauka unazosema, za majimaji unapaka na brashi yake zinashika kama rangi ya ukutani, ndani yake mna kimiminika kinachoruka hewani upesi, kinaacha utando mwembamba wa rangi mdomoni. Utando huo haunyumbuki sana. Dar ngozi yako ina unyevu, unakaa sawasawa. Huku ngozi imeshasinyaa, kila ukiongea utando unavunjika kwenye ile mistari ya mdomo, na ndiyo mabaka unayoyaona. Ubora wa lipstiki mara nyingi hauhusiki.

Nilijifunza hili kwenye sendofu ya binamu yangu Iringa, mwezi wa saba. Nilipaka rangi ya damu ya mzee, nzuri ajabu, imekwenda na gauni. Saa kumi jioni iko safi. Chakula kikaja, kuku wa kukaanga, nyama, mafuta. Mafuta ndiyo adui wa ule utando. Nikaenda kujitazama msalani: katikati yote imetoka, pembeni imebaki mstari, kama mtoto aliyekunywa uji wa beri. Nikaongeza tabaka jipya juu ya lile la zamani, ambalo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Usiku nikaisugua kwa sabuni na tishu, na ngozi ikatoka nayo. Siku tatu nilikuwa nakunywa chai kwa mrija.

Leo ninazo bado mbili za aina hiyo, ila zina siku zake. Sipaki mdomo ukiwa na mpasuko. Usiku wa kuamkia siku hiyo mdomo unalala na nta. Asubuhi, kitu cha kwanza napaka lipbamu, halafu naendelea na mambo mengine, uso, nywele, kuvaa. Mwisho kabisa nafuta lipbamu yote kwa tishu hadi kusiwe na mng'ao, maana ikibaki mafuta rangi haishiki. Napaka tabaka moja jembamba, nanyamaza dakika moja midomo ikiwa wazi kidogo. Kutoa ni kwa mafuta ya nazi tu: nayapaka, nayaacha dakika moja au mbili, yanalegeza ule utando wenyewe, nafuta taratibu. Hakuna kusugua.

Za kila siku kazini ni zile za kawaida za kijiti, zenye nta na mafuta ya mbarika ndani. Zinatoka kwenye kikombe, ni kweli, lakini hazininyonyi mdomo. Kwa baridi zinakuwa ngumu na kukwaruza, kwa hiyo naishika kiganjani dakika chache ndani ya bajaji, ikifika Kabwe imeshalainika, naipaka kwa kidole. Kuzungushia natumia wanja wa penseli wa kahawia kama wengi wetu, uliochongwa vizuri na kupashwa kidogo kwenye ngozi ya mkono ili usikwaruze. Lipglosi naziacha hadi mvua za Desemba. Kiangazi chetu kina vumbi, na ukipanda bodaboda na lipglosi unafika na mchanga mdomoni, nywele zimenatia.

Krimu za kufanya midomo iwe ya pinki, hapa nakuomba sana. Nilinunua kikopo kwa muuzaji wa mkononi, hakina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Siku ya pili mdomo ukawaka moto, siku ya nne ukabanduka, kweli ukawa wa pinki, nikafurahi. Mwezi uliofuata ulikuwa mweusi kuliko mwanzo, maana ngozi yetu ikiungua inajibu kwa weusi. Haidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, lakini kikopo kisicho na maandishi utajuaje kina nini? Mdomo unameza kila unachoupaka. Weusi wa midomo yangu ulipungua peke yake nilipoacha kulamba na nilipoanza kuukinga na jua.

Na jua ndilo watu wa huku tunalisahau kwa sababu ya baridi. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inavyokuwa mikali, na mdomo wa chini umeelekea angani siku nzima. Kwa usimamizi wa michezo uwanjani natumia lipbamu yenye SPF 30, yaani kipimo cha kinga ya jua, kofia pana juu yake. Rangi nzito nayo inakinga kidogo, lipglosi tupu haikingi. Kwa mwenye ualbino hili si urembo hata kidogo. Shuleni kwangu yupo mtoto mmoja, na kofia na lipbamu yake ya jua tunavihesabu pamoja na daftari zake kila asubuhi. Mwenye ualbino akiwa na kidonda cha mdomo kisichopona, aende hospitali bila kusubiri.

Dukani usikubali kujaribu lipstiki mdomoni kwa kile kijiti ambacho kimepita midomo ya watu wote wa Mwanjelwa. Malengelenge ya mdomo yanaambukiza hivyo hivyo. Jaribu kwenye ncha ya kidole, rangi ya ncha ya kidole inakaribia ya mdomo kuliko ya mgongo wa mkono. Na ukipasuka pembeni, kwenye kona za mdomo, hilo si la lipbamu: linaweza kuwa fangasi, au upungufu wa madini chuma au vitamini B. Vivyo hivyo mpasuko wa katikati ukizidi wiki tatu na umeacha kulamba, nenda ukapimwe.

Kwako wewe, wiki mbili za kwanza hakuna rangi kabisa, nta au mafuta ya mgando juu ya unyevu, asubuhi, mchana baada ya kula, na usiku. Kama dawa yako ya meno ina minti kali, badilisha kwa kipindi hicho. Mpasuko ukishafunga, anza na ile nyekundu ya kijiti uliyosema ulipewa na dada yako, ipake kwa kidole siku ya Jumamosi ukiwa nyumbani, uone jioni mdomo unasemaje. Za kukauka zisubiri hadi sherehe ya kwanza utakayoalikwa.